Nati ya Tano

Nilikuwa na miaka tisa Lodwar na bado niliishi kama mtu aliyekuja kwa wiki mbili. Vyeti vyangu, hati ya shamba, picha za harusi, hata sahani za wageni, vyote vilikuwa Kitale. Wenyeji wa Turkana, kusini kote hukuita Kenya. Ukionekana na begi kituoni unaulizwa, "Unaenda Kenya?" nawe unaitikia bila kushtuka, kana kwamba hapo ulipo ni nchi nyingine. Sisi tuliohamishiwa huku kikazi ndizo zetu: mshahara tunaupokea Lodwar, cha maana tunakiweka Kenya.

Kwa hiyo niliponunua gari, na aliyeniuzia akanionyesha kwamba kila gurudumu lina nati nne za kawaida na ya tano ya kufuli, yenye kichwa cha mviringo kilichochongwa kama ua, isiyofunguka ila kwa soketi yake yenyewe, kikombe cha chuma kinachoivaa, niliifunga ile soketi kwa kitambaa na likizo iliyofuata nikaipeleka Kitale ikakae na hati ya shamba. Ndani ya gari si ingeibwa? Nilijiona mjanja sana.

Asubuhi ninayoikumbuka, kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo alikuwa amelala mama mmoja Mkongo, mkimbizi wa Kakuma, mguu mmoja umefungwa plasta kuanzia nyonga hadi vidoleni. Tulijuana wodini. Kina mama wa kanisa letu huenda hospitali kila Jumapili baada ya ibada, na uji na nyimbo, wagonjwa watake wasitake. Yeye alikuwa akitaka uji na kuvumilia nyimbo, ndiyo sababu nilimpenda.

Siku hiyo aliruhusiwa kutoka, na siku hiyohiyo, saa sita mchana, binti yake alikuwa anapanda basi la kuelekea uwanja wa ndege wa Kakuma, safari ya kuhamia Kanada kwa kudumu. Faili zao za maombi ya kuhama zilikuwa mbili tofauti. Ya binti ilikubaliwa, ya mama haikujibiwa. Mama angebaki kambini na dada yake. Gari la kuwarudisha wagonjwa lilikuwa la kesho yake, na hakuna matatu ambayo ingeweza kumlaza mtu mwenye mguu ulionyooka kama ubao. Nikasema nitampeleka mimi. Tukiondoka saa mbili, saa nne tumefika, wana saa mbili nzima za kuagana. Nilimhesabia binti hivyo kwenye simu, nikaisikia sauti yake ikilainika.

Hatukuvuka hata lango la hospitali. Kipande cha bati kilichofukiwa na mchanga kilichana ubavu wa tairi la mbele, gari likakaa chini. Sikuhangaika. Tairi la akiba lilikuwapo, jeki ilikuwapo. Nilifungua nati ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipofika ya tano ndipo nikakumbuka Kitale.

Mtu mwenye akili angempigia fundi simu papo hapo. Mimi hasira zangu ziko karibu. Niliokota jiwe, nikaweka spana ya kawaida juu ya ile nati na kuigonga, nikagonga, huku nikimlaani aliyeitengeneza, aliyeniuzia, na barabara. Nilipochoka, lile ua lilikuwa limefutika kabisa. Hata soketi ya Kitale isingeishika tena.

Fundi alikuja kwa bodaboda, Mturkana wa makamo, mfuko wa vyuma mabegani. Alinisalimu ejok, nikamjibu ejok, akachuchumaa na kuipapasa nati kwa kidole gumba.

"Nani alipiga hii?"

Nililisukuma jiwe kando kwa mguu. Kutoka kiti cha nyuma, na plasta yake yote, yule mama akasema, "Ni miye."

Fundi aliutazama ule mguu, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza soketi ya ile nati iko wapi.

"Iko Kitale."

"Aa, iko Kenya." Akatikisa kichwa. "Sasa madam, huku nani ataiba tairi moja? Ataifunga kwa ngamia?"

Kazi yenyewe haina siri. Unatafuta soketi kuukuu, ndogo kidogo kuliko nati, unaipigilia kwa nyundo mpaka meno yake yauume ule mviringo, kisha unavisha mpini wake bomba refu na kusukuma. Alipigilia, akasukuma, soketi ikateleza na kutoka na unga wa chuma. Akajaribu tena, ikateleza. Akasema anahitaji nyingine ndogo zaidi, na hiyo iko kwa mwenzake sokoni. Akapanda bodaboda akaenda.

Binti akanipigia simu. "Mama, mumefika wapi?"

"Tuko njiani," nikasema. Lango la hospitali lilikuwa hatua kumi mbele yangu.

Nilifungua milango yote mama apate hewa. Jua la Lodwar saa tatu halina adabu. Nikamwambia mama kwamba fundi atarudi sasa hivi. Akaniambia, "Miye siko na haraka, mama. Ni avion ndiyo iko na haraka." Alisema akitabasamu, ndege akiiita kwa Kifaransa, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kiti, na haukuachia.

Fundi alirudi. Safari hii alipigilia polepole, akizungusha soketi kidogo kila baada ya pigo, hadi nyundo ikabadilisha sauti. Akavisha bomba, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, akaanza kurukaruka taratibu. Nati ililia kama mlango wa zamani, ikaachia. Nilitaka kumkumbatia. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

Niliendesha ninavyowakataza wenzangu kuendesha. Ngamia wawili walinisimamisha katikati ya lami, wakanitazama bila wasiwasi, nikapiga honi kama mwendawazimu. Kila mara nilifungua mdomo kuomba msamaha, na kila mara nikaishia kuuliza kama mguu unamuuma. Hapana, alijibu, mguu haumuumi.

Tulifika saa sita kasoro dakika kumi. Basi lilikuwa limewashwa. Binti alishuka mbio, bahasha ya karatasi zake ikiruka kifuani, akajibana kwenye nafasi ndogo kati ya kiti na plasta. Nilisogea kando hatua chache, lakini maneno yalinifikia. Mama alimwambia sweta ile ni nyepesi. Akauliza nani amechukua sufuria kubwa. Akamfungua kitambaa cha kichwa na kukifunga upya, vizuri zaidi. Mwenye orodha ya wasafiri akaita jina la binti mara moja, akaita mara ya pili. Wakashikana mpaka mtu akaja kumgusa binti begani.

Binti alipopita alinishika mikono yote miwili. "Asante, mama. Bila wewe singemuona."

"Usijali," nikasema. Hilo "usijali" linanichoma hadi leo, kwa maana wangekuwa na saa mbili nzima, na mimi niliwapa dakika kumi.

Basi liliondoka. Niliingia garini, nikashika ufunguo.

"Ngoja kidogo," mama akasema nyuma yangu. Nikangoja. Vumbi la basi lilikuwa bado liko juu. "Kulikuwa neno moja nilitaka kumuambia. Nilianza na sweta. Nilifikiri wakati uko."

"Akifika tutampigia," nikasema upesi. "Nitakuja na simu yangu, mtaongea mpaka mchoke."

"Hapana, mama. Hiyo neno si ya telefone."

Nilimwambia pole. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, toka mwanzo hadi mwisho. Niliusikia mkono wake ukija juu ya bega langu, ukakaa hapo, na sikuwasha gari.