Aliharibu faili makusudi, akaokoa miguu ya watu

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Mlango mkubwa wa karakana haujafunguliwa wote, lakini nyuma mashine ya kusaga plastiki imeshaanza kunguruma, na vumbi jeupe la plasta limetanda juu ya meza. Katika chumba kidogo cha kushoto, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni anavuta kiti, anawasha kompyuta na kuandika neno lake la siri kwa kidole kimoja.

Simu inaita kabla hajakaa sawasawa. Ni fundi wa tawi la pili, mwendo wa saa tano kwa basi.

"Shikamoo, Mama Faili. Naomba vipimo vya yule mwalimu wa goti la kushoto."

"Marahaba. Fungua kompyuta yako hapo ulipo, mwanangu. Niliviweka jana jioni."

Vitufe vinasikika vikibofywa. Kisha: "Ahaa! Nimeviona. Kumbe!"

"Kumbe nini? Nimekufundisha wiki nzima!"

Anakata simu huku akicheka. Miezi mitano iliyopita, simu kama hiyo ingemgharimu nusu siku.

Ana umri wa miaka hamsini na minne, na kwa miaka ishirini na mitatu amekuwa mtunza kumbukumbu wa karakana hii inayotengeneza miguu na mikono ya bandia. Jina la Mama Faili alipewa na mafundi, na limemganda kiasi kwamba hata wagonjwa wanaoingia kwa mara ya kwanza humwulizia hivyo.

Kila mgonjwa ana vipimo vyake: urefu wa mguu mzima, mzunguko wa kigutu, yaani kipande kilichobaki baada ya kukatwa, picha, na siku hizi skani ya kompyuta inayoonyesha kila bonde na kila uvimbe. Kigutu hubadilika. Hupungua, huvimba, hukomaa. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na mafaili manane, na fundi anatakiwa kushika lile la mwisho tu.

"Sasa fikiria," anasema Mama Faili, "tuna matawi matatu. Huyu anatuma kwa flashi ndani ya basi, yule anatuma picha kwa simu, mwingine kwa barua pepe. Faili moja linaitwa 'mguu mpya'. Jingine 'mguu mpya wa mwisho'. La tatu 'mguu mpya wa mwisho kabisa'. Ukiniuliza lipi ni lipi, nakuambia. Nikiumwa malaria siku tatu, hakuna wa kukuambia."

Mwaka juzi jambo alilokuwa akiliogopa lilitokea. Mlinzi mmoja mstaafu alitengenezewa mguu kwa vipimo vya zamani, vya kabla kigutu chake hakijapungua. Aliuvaa wiki mbili bila kulalamika, akidhani ndivyo inavyotakiwa kuuma. Aliporudi, alikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda.

"Mguu ulikuwa mzuri sana. Ila haukuwa wake," anasema. Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la blauzi. "Yule baba alinipa pole mimi. Nililia chooni."

Baada ya hapo mkurugenzi aliamua kwamba mafaili yote yahamie kwenye huduma ya kuhifadhi mtandaoni, ili matawi yote yafungue mahali pamoja na kuona kitu kimoja. Fundi wa kompyuta anayewahudumia kwa mkataba alileta majina ya kampuni tatu. Mkurugenzi alikuwa tayari kuchukua ile ya bei rahisi na kumaliza maneno.

Mama Faili alizisikia habari hizo kupitia ukuta wa mbao unaotenganisha vyumba vyao. Hakulala vizuri siku hizo. Kama kila mtu ataweza kutafuta faili mwenyewe, nani atamhitaji mtafuta faili?

"Nilipiga moyo konde, nikabisha hodi," anakumbuka. "Nikamwambia, Bosi, hizo kampuni zimekaguliwa na nani? Akaniambia, matangazo yao yote ni mazuri. Nikamwambia, na mimi siku ya harusi yangu nilikuwa mzuri, lakini Baba Watoto alikuja kunijua baadaye."

Mkurugenzi, mwanamume mpole ambaye naye huvaa mguu wa bandia, anathibitisha maneno hayo. "Nilicheka, kisha nikaona ana hoja. Nikamwambia, wewe ndiye unayeshinda na mafaili. Zote tatu zinatoa mwezi wa majaribio bure. Zipime wewe, utakayosema ndiyo tutakayochukua."

Alinunua daftari la kurasa mia. Kwa kuwa hakutaka kuweka picha za wagonjwa kwenye majaribio, aliupiga picha mguu wake mwenyewe, wa kulia, akaupa vipimo vya kweli na kuuita "Mgonjwa wa Mfano". Mguu huo ukaingizwa kwenye huduma zote tatu siku moja.

Jaribio la kwanza lilikuwa la intaneti mbovu, kwa sababu tawi la tatu hupata mtandao kwa kubahatisha. Alichomoa waya, akaandika vipimo vipya, akauchomeka tena baada ya chakula cha mchana. Huduma ya kwanza na ya tatu zilipeleka mabadiliko zenyewe. Ya pili ilitengeneza faili jingine pembeni, ikaacha la zamani juu. "Nikasema, hapa tumerudi kwa mguu mpya wa mwisho kabisa."

Jaribio lililofuata lilikuwa la siri. Alitengeneza kiungo cha mtandaoni cha kushirikisha faili kutoka kila huduma, akavituma vyote vitatu kwa simu ya mumewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, bila kumweleza chochote. Kiungo cha huduma ya kwanza kilifunguka papo hapo. Mumewe akampigia.

"Mke wangu, mbona mguu huu naujua?"

"Umeufunguaje?"

"Nimegusa tu."

Mama Faili aliandika kwenye daftari: Ya kwanza, mlango wazi. Baadaye aligundua kwamba mlango huo ungeweza kufungwa, lakini ilimbidi atafute kitufe hicho kwa dakika arobaini. Huduma ya pili na ya tatu zilimdai mumewe neno la siri, na ya tatu ikamwandikia yeye saa na dakika ambayo mtu alijaribu kufungua.

Mkataba wa kila kampuni yeye na mumewe waliusoma pamoja mezani, ukurasa baada ya ukurasa, mwalimu akiwa na kalamu yake nyekundu. Swali lao kubwa lilikuwa moja: tukitaka kuhama, tutapewa mafaili yetu yote? Pembeni mwa kifungu kimoja cha huduma ya pili, mwalimu aliandika, "Haieleweki. Rudia."

Lakini jaribio ambalo mafundi wanalizungumzia hadi leo ni lile la kuharibu. Alilifungua faili la Mgonjwa wa Mfano, akafuta vipimo vyote, akaandika upuuzi badala yake, akahifadhi. Alifanya hivyo kwa mafaili hamsini ya mfano aliyoyanakili kutoka lile la kwanza. Fundi wa kompyuta alimkuta katikati ya kazi hiyo.

"Mama, unafanya nini?"

"Naharibu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku moja yataharibika bila mimi. Nataka nijue leo yatarudije."

Katika huduma ya kwanza, iliyokuwa rahisi kuliko zote, uharibifu ulinakiliwa uleule: kilichoharibika kwenye kompyuta kiliharibika na kule mtandaoni, basi. Ya pili ilitunza matoleo ya zamani, lakini ilimlazimu kurudisha faili mojamoja. Ya tatu ilimwuliza swali ambalo alilinakili kwa herufi kubwa: unataka kurudi siku gani, saa ngapi? Alichagua jana yake, saa kumi jioni. Mafaili yote hamsini yakarudi kwa pamoja.

Huduma hiyo ya tatu ilikuwa na sura isiyovutia na bei karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Mkurugenzi alikuna kichwa. Mama Faili alimfungulia daftari ukurasa wa kuharibu, akaliweka mbele yake. Mkurugenzi akasaini.

Kuhamisha mafaili 6,212 kulichukua siku tisa, kwa sababu ya mwendo wa intaneti. La mwisho liliingia siku ya Ijumaa.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, mtu mmoja ofisini alifungua barua pepe iliyojifanya inatoka kwa wauzaji wa ngozi. Mama Faili anakataa kumtaja. "Hata mimi ningeifungua. Ilikuwa na salamu nzuri."

Ndani ya nusu saa, kompyuta zote za karakana hii zilikuwa zimeshikwa na kirusi kinachofunga mafaili kwa kufuli lisilo na ufunguo. Majina ya wagonjwa yaligeuka kuwa mistari ya herufi zisizosomeka, na kwenye kila kioo likatokea tangazo la kudai malipo. Diski ya akiba, ambayo siku zote ilikaa imechomekwa kwenye kompyuta kuu, nayo ilikuwa imeliwa.

"Fundi mkuu alikaa chini sakafuni, kwenye plasta," anasema mkurugenzi. "Mimi nilikuwa nawafikiria watu wa wiki ile tu, watu kumi na wanne."

Mmoja wao alikuwa mshona nguo aliyepoteza mguu wa kulia chini ya goti, ule aliokuwa akikanyagia cherehani. Alikuwa amesafiri mara tatu kwa ajili ya vipimo, na skani yake ilitakiwa kwa hatua ya mwisho. Angekuja Alhamisi. Wateja wake walikuwa wameanza kwenda kwa mshonaji mwingine.

Fundi wa kompyuta alifika akihema, akachomoa nyaya zote. Kisha akafungua huduma ya mtandaoni kupitia kompyuta yake mwenyewe. Mama Faili alisimama nyuma yake. Kwenye kioo ilitokea orodha ya mafaili yenye majina yaleyale yasiyosomeka. Uharibifu ulikuwa umeshapanda hadi mtandaoni.

"Mama, yameingia na huku," fundi akasema kwa sauti ya chini.

"Nimeona. Usifute kitu. Tafuta pale panapouliza siku na saa."

"Una uhakika?"

"Mwanangu, mimi nilishayaharibu haya kabla yao. Tafuta."

Walipiga simu kwa huduma ya wateja ili wasikosee, na mwanamke aliyepokea aliwaongoza hatua kwa hatua. Siku: Jumatatu. Saa: kumi na moja jioni. Kazi ya kurudisha ilianza, na mstari wa kuonyesha maendeleo ukawa unatambaa taratibu. Hakuna aliyekwenda kula. Mafundi walisimama mlangoni wakiwa na aproni zao, kama ndugu wanaosubiri nje ya chumba cha upasuaji.

Saa tisa alasiri, majina yakaanza kusomeka.

Faili la kwanza kufunguliwa lilikuwa la mshona nguo. Mama Faili ndiye aliyelichagua. Alichukua kadi ya karatasi ya mgonjwa huyo, yenye vipimo vichache vya mkono, akaanza kusoma kwa sauti huku fundi mkuu akimjibu kutoka kwenye kioo. "Mzunguko wa juu?" "Thelathini na moja nukta nne." "Wa chini?" "Ishirini na sita." Walipofika mstari wa mwisho, alilishika bega la fundi wa kompyuta, akashusha pumzi ndefu, kisha akaanza kucheka, akashindwa kunyamaza. Mkurugenzi naye akacheka. Mwishowe karakana nzima ilikuwa inacheka, bila mtu kusema lolote la kuchekesha.

Mafaili yote 6,212 yalirudi. Yaliyopotea ni mapya matatu tu, yaliyoandikwa asubuhi ileile, na wagonjwa wenyewe walikuwa bado wamekaa kwenye benchi. Walipimwa tena kabla ya kwenda nyumbani.

Alhamisi mshona nguo alifika kama alivyoahidiwa. Hakuambiwa chochote hadi alipokwisha kuvaa mguu na kutembea kati ya vyuma viwili vya kushikilia, kwenda na kurudi mara sita. Kisha aliomba kiti, akakaa, akaanza kukanyagakanyaga hewani, kisigino, vidole, kisigino, vidole.

"Inakubali," alisema. Aliposimuliwa yaliyotokea Jumanne, alimgeukia Mama Faili. "Dada, nipe vipimo vyako na mimi. Nikushonee gauni."

Amelishona. Ni la kijani, na lina mifuko miwili mikubwa, kwa ajili ya miwani na funguo.

Ile hofu ya kupoteza kazi nayo imekwisha. Mkurugenzi amempa jukumu la kuwafundisha watumishi kumi na saba wa matawi yote namna ya kutaja mafaili, nani afungue nini, na nini cha kufanya siku mambo yakiharibika. Kila mwezi, bila kutangaza tarehe, yeye na fundi wa kompyuta huharibu mafaili machache ya mfano na kuyarudisha. Diski ya akiba sasa huchomolewa kila jioni na kufungiwa kabatini. "Mafundi wananiambia nina roho mbaya," anasema. "Nawaambia, ndiyo, hasa."

Ukimwuliza anachotarajia, hataji kompyuta mpya wala cheo. Anafungua droo na kutoa fomu yenye mhuri wa ofisi: likizo ya siku ishirini na nane, ya kwanza katika miaka sita. Kila mwaka alikuwa akiiomba, kisha mwenyewe anaifuta, kwa kuwa hakuna aliyejua kila kitu kilipo isipokuwa yeye.

Ataianza mwezi ujao. Ana mdogo wake anayeishi mbali, ambaye alijifungua mapacha, na mapacha hao sasa wanatembea; yeye hajawahi kuwaona ila kwenye picha. Tiketi za basi, yake na ya mumewe, zimeshakatwa.

"Bosi ameniuliza, tukikwama tukupigie?" Anairudisha fomu kwenye droo, anaisukuma kwa kiganja hadi inafunga. "Nikamwambia, mtakwama na nini? Kila kitu mnacho. Mimi nitakuwa nimebeba watoto, sitakuwa na mkono wa kushika simu."