Nywele Zilizonasa Kwenye Boneti

Jamani, nichekeni taratibu, aibu bado mbichi. Jumamosi, hapa Kasulu, nilikuwa nabadilisha sponji ya chini ya boneti ya gari langu kuukuu, ile inayozuia joto la injini. Ya zamani ilikuwa imechakaa, inadondoka vipande. Mimi mwalimu wa chekechea nikaona fundi wa nini, nikapaka gundi mwenyewe.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Muyama, akawaita majirani. “Njooni mumwone mkwe wangu, anajua hadi magari!”

Sifa zikanilevya. Nikaingiza kichwa kubandika kona iliyobaki, nywele zikanasa kwenye gundi. Tangu niolewe, mama mkwe aliamini nywele zile ndefu ni zangu, nami sikuwahi kumsahihisha.

“Mwanangu, mbona umeganda huko?”

“Nakagua, mama.”

Akadhani nimeumia. Akanikamata kiuno, akanivuta kwa nguvu zake zote za shamba. Nikatoka mzima, wigi likabaki linaning'inia juu ya injini.

Mama akavua kitenge chake begani, akanifunga kichwani taratibu.

“Yoo, mwanangu! Kumbe miaka yote hii nalionea wivu wigi?”