Bawabu wa Ognyan

Ognyan Kehayov hutengeneza lifti, na mtaani kwetu hapa mjini Plovdiv hakuna fundi anayemzidi. Akirudi kazini, badala ya kupumzika, anajifungia stoo na kompyuta kuukuu aliyoipanga kati ya chupa za achari za mkewe. Kampuni kubwa za mtandao yeye haziamini hata kidogo. Picha za ukoo, muziki, mazungumzo ya familia, vyote anavitunza mwenyewe mle, kila kimoja ndani ya kontena lake, yaani chumba chake cha peke yake humo kompyutani, na mbele ya vyumba hivyo kaweka programu anayoiita bawabu. Ukiandika jina la unachokitaka, bawabu anakupeleka kunakohusika. Mimi Stanka, jirani yao wa mlango wa pili, nimesimuliwa habari za huyo bawabu mpaka nimechoka, na sikuziomba.

Tarehe kumi Februari ni siku ya jina la baba yake, Mzee Haralampi, yaani sikukuu ya mtakatifu mwenye jina lake. Siku hiyo hualiki mtu. Mlango unaachwa wazi na watu wanajileta. Mwaka huu walikuja wengi mpaka viti vikaazimwa kwangu, na mzee akafurahi kweli. Sote pale tulijua kwamba vidonda vya tumbo alivyoambiwa na wanawe ni saratani. Yeye hakujua. Kwetu ndivyo inavyofanywa: wanaambiwa wote isipokuwa mgonjwa.

Baada ya mkate wa asali, mzee akataka tuangalie picha za mizinga yake ya nyuki ya zamani kwenye televisheni. Kioo kikaandika kosa.

"Asubuhi nilisasisha kontena la picha," Ognyan akasema, masikio yamemwiva. "Limebadilisha mlango, na bawabu bado anagonga ule wa zamani."

"Nani anasasisha siku ya wageni?" mkewe Lyudmila akamuuliza. "Mimi mwenyewe leo sijathubutu kujaribu pai mpya."

"Dakika mbili tu."

Akaingia stoo. Alichofanya nilikielewa baadaye: alifuta maagizo ya bawabu kuhusu picha ili ayaandike upya, na kwa haraka zake akamwasha bawabu kabla ya kuyarudisha. Bawabu huyo akiulizwa jina asilolijua hamfukuzi mgeni, anamwingiza kwenye kontena la kwanza kwenye orodha yake. La kwanza lilikuwa la mazungumzo, tuliyoyaanzisha, ndugu, majirani na marafiki, kwa ajili ya ugonjwa wa mzee. Halikuwa hata na nywila, maana shangazi zake walikuwa wanaisahau kila siku.

Mzee akabonyeza rimoti tena.

Picha za nyuso zetu zilijipanga kwenye kioo, hata ya daktari wa meno wa mzee aliyekaa nasi pale, kila uso na maneno yake. Rumyana, binti yake: "Daktari anasema hafiki mwezi wa tano, cheri zikiiva. Baba asijue." Na uso wangu mimi: "Nitakuja na asali. Nitajifanya sijui kitu." Tukiwa tumekodoa macho, ukaingia ujumbe mpya, kutoka kwa Rumyana aliyekuwa jikoni: "Leo baba ana rangi nzuri, mmeona?"

"Imefunguka?" Ognyan akauliza kutoka stoo. Akaita tena: "Baba, imefunguka?"

"Imefunguka," mzee akasema.

Ognyan akatoka anatabasamu, akatazama kioo. Nimeona watu wakifiwa, lakini sijaona uso ukiisha damu namna ile.

"Baba, hiyo ni mashine tu imekosea."

Mzee hakumtazama. Alikuwa anatutazama sisi, mmoja mmoja, kisha kioo, kisha sisi tena.

"Hata daktari wa meno," akasema. "Na wewe, Stanka? Nami nikaisifu asali yako."

Nilitamani sakafu inimeze. Ognyan akainama kuchomoa waya.

"Acha. Wewe si ndiye unayejua kuiendesha? Sogeza juu. Nataka kuanzia mwanzo."

"Baba, nakuomba."

"Sogeza."

Ognyan akaketi kando yake, akachukua rimoti, akasogeza, maneno yetu ya majira yote ya baridi yakipita mbele ya macho yetu, mpaka juu kabisa. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa Ognyan mwenyewe. Mzee akausoma kwa sauti: "Baba hatapona. Atakayemwambia asikanyage tena nyumbani kwangu."

Akamwekea mwanawe mkono begani.

"Sasa wewe leo utalala wapi, mwanangu?"