Siku Nilipolazwa Mezani Katindiuka

Jamani, hili huwa silisimulii mbele ya wanangu, maana hata leo nikipita Katindiuka nashusha kofia mpaka puani.

Miaka ya tisini, nimemaliza kidato cha sita na kazi sina, nikapewa darasa la jioni la Kiingereza la watu wazima (wakulima wa mpunga, na Msukuma mmoja mfugaji), na mwalimu mkuu akasema atakuja Ijumaa kunitazama, nikimridhisha ajira ni yangu. Somo lenyewe ni vile vitenzi vinavyochanganya watu, cha kulala na cha kulaza, ambavyo kwa Kiingereza, lie na lay, vinafanana kama mapacha, na mimi mwenyewe (msinicheke) nilikuwa nimevikosea ubaoni wiki nzima. Nikaona bora nifundishe kwa vitendo.

Basi Ijumaa ilipofika, wanaume wanne wakanibeba toka nje, wakanilaza mezani taratibu, darasa zima likiitikia sentensi kwa pamoja. Mama Sabina, mwanafunzi mwenye huruma kuliko wote, akaona inzi wananisumbua, akanifunika khanga gubigubi.

Sasa darasa lilikuwa banda lisilo na kuta, kando ya njia, na kina mama walikuwa wanarudi kutoka shamba. Kwetu msiba huulizi, unalia kwanza, jina la marehemu utalijua baadaye. Wakatua mizigo, wakaangua kilio. Mama Sabina akajaribu kuwaeleza, wakamkumbatia, wakamwambia, "Jikaze, mama." Hapo ningeinuka yangeisha, lakini aibu ikanishika, nikajisemea nitulie kidogo watapita.

Mara nikasikia sauti ya mwalimu mkuu. "Poleni jamani. Kaanza kuumwa lini?"

"Hatumjui, baba," mama mmoja akajibu kwa kwikwi. "Tumemkuta hivi hivi."

"Masikini, viatu hivi hapa chini ni vya mwalimu wetu wa jioni. Na barua yake ya ajira ninayo hapa mfukoni."

Nikakurupuka na khanga yangu. "Nipo, mwalimu. Shikamoo."

Banda lote likatimka, mwalimu mkuu akiwa mbele. Nilimkuta ameketi ndani ya jaruba la mpunga, tope mpaka kiunoni, anahema.

"Kijana," akasema bila kunitazama, "mimi nimeshakulilia. Sitaweza kukuajiri tena."

Ajira akapewa mwingine, nami nikaenda kulima mpunga kijiji cha Mbingu, na nilijuta, nasema kweli. Tangu siku ile nimeapa: nikikosea nasema hapo hapo, kabla watu hawajaanza kulia.