Bomba la Kotile

Kazi ya Hirsi Ogle ilikuwa kupokea malalamiko. Wafugaji walikuja dirishani kwake, ofisi ya maji mjini Garissa, wakamweleza kwa Kisomali jinsi mtambo wa maji ulivyowagomea, naye akayapeleka kwa Kiswahili karakanani, ng'ambo ya mji, kwa simu ya kuzungusha. Mjumbe hauawi, lakini hutukanwa. Wafugaji walimwona mzembe. Mafundi walimjibu kwamba mtambo ni mzima, labda ng'ombe ndio wabovu. Yeye alijiwekea sharti moja: neno la mlalamikaji halipunguzwi wala haliongezwi.

Mwaka huo wa 1966 vita vya shifta, waasi wa Kisomali, vilikuwa vimepamba moto, na karakana ikawekewa askari. Asubuhi moja Alio, mfugaji wa Kotile, alikuja kusema bomba la kijiji limepasuka na mifugo ina kiu. Hirsi akazungusha simu.

"Bomba ya Kotile imebasuka," alisema, kwa ulimi wa kwao usiopatana na p.

Simu ikakatwa. Punde lori la jeshi likasimama mbele ya ofisi, na ofisa akauliza nani kapiga simu ya Kotile. Aliyepokea simu alikuwa askari, na wiki ile wenzake walikuwa wamekanyaga bomu barabarani. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye alisikia bomu.

Lori lilikuwa likienda Kotile, na Nimo, dada yake Hirsi, aliishi huko. Hirsi alijua watu wakiliona lori watakimbia, na anayekimbia hupigwa risasi. Kunyamaza kungemfaa yeye peke yake. Alitoka, akamwambia ofisa ni bomba, bomba la maji.

"Basi utakaa mbele," ofisa alisema. "Ukiwa mwongo, utaanza wewe."

Njia nzima aliikodolea macho barabara, kila tuta akilidhania bomu, huku akisoma shahada kimoyomoyo. Kotile ilipoonekana, watu waliinuka, na Nimo akawanyakua wanawe. Hirsi alitoa kichwa dirishani, akawaita kwa Kisomali, akawasihi wasikimbie, wakae chini kwa jina la Mungu. Wakakaa. Hata bunduki zilipoelekezwa kwao, walikaa.

Maji yalikuwa yakiruka kwenye bomba lililopasuka. Ofisa alitia mkono, akaupangusa kwenye suruali, akaamuru warudi.

Nimo alimsogelea kaka yake. "Walaal, fundi yuko wapi?"

Hirsi aligeuka kulitazama lori. Bunduki zilijaa, spana haikuwamo hata moja.

Kesho yake Alio alisimama tena dirishani na lalamiko lile lile. Hirsi alishika mpini wa simu. Akauzungusha, na kwa mara ya kwanza hakulipeleka neno kama alivyopewa.

"Maji," alisema taratibu. "Maji ya Kotile inamwagika. Tuma fundi. Fundi beke yake."