Shokapu za Kumbebea Baba Mkwe

Muuza spea ana swali moja kabla hajanyoosha mkono kwenye rafu: gari linabeba nini? Tunduma nimeulizwa hivyo mara nyingi, na kwa miaka mingi nilikuwa na jibu jepesi. Gari langu lilikuwa fo-wili kuukuu la Kijapani. Lilibeba madumu ya mafuta ya kula kutoka stoo hadi dukani kwangu, na Jumapili lilibeba wanakwaya wasiopenda kupanda nyuma ya pikapu na nguo zao nyeupe. Siku lilipoanza kumbeba baba mkwe wangu, swali lile likawa zito. Mpaka leo nikipita mbele ya maduka ya spea sina raha.

Baba mkwe alikuwa Mndali wa Ibaba, juu kwenye milima ya Ileje, enzi hizo sote tukiwa bado Mkoa wa Mbeya. Alianguka kutoka juu ya paa akipigilia bati lililong'olewa na upepo, na akafikia mgongo. Alilazwa Mbeya muda mrefu, kisha wakamruhusu kwa masharti: alale chali, arudi kliniki kila mwezi, na njiani asitikiswe. Daktari alinieleza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na gari.

"Pingili za mgongo hazijakaa sawa," aliniambia. "Akitikiswa vibaya, miguu inaweza isirudi tena."

Siku hizo miguu ya mzee ilikuwa bado inasikia ikiguswa, na vidole vilikuwa vinasogea kidogo. Vidole hivyo ndivyo tulivyokuwa tunavipigania. Mama mkwe alivitazama kila asubuhi kabla hajawasha moto.

Mume wangu ni dereva wa malori. Akishavuka Nakonde kuelekea Kongo, unaweza kusahau anavyocheka. Wadogo zake hawakuwa na gari, na mabasi ya Ileje ya wakati ule yalikuwa yanamuumiza hata mtu mzima wa afya. Nikabaki mimi, mke wa mtoto, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kwa Wandali wa umri wake, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Mkikutana njiani, wewe unaingia shambani, unageuka, yeye anapita. Hamli pamoja, hamsemezani, na jina lake hulitamki hata ukiwa peke yako. Mimi ni Mnyiha wa Vwawa. Kwetu heshima ipo, lakini si kwa ukali huo, na anayenijua anajua kwamba kuniambia nikae kimya ni kunifunga jela. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimesikia sauti ya mzee kupitia ukuta tu. Hata hivyo nilimpenda, na nina sababu. Nilipochelewa kupata mtoto, ukoo ulianza kumshauri mume wangu anirudishe kwetu. Mzee ndiye aliyewanyamazisha. Alisema binti huyu haendi popote, akainuka, akaenda kulisha ng'ombe. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia.

Kwa hiyo tulimpakia kwa utaratibu wake. Tulikunja viti vya nyuma, tukaweka ubao, juu yake godoro jembamba. Mama mkwe akafunga kitenge kutoka kishikio cha mlango mmoja hadi cha mwingine, akakaa naye huko nyuma. Mimi nikageuza kioo cha ndani kikatazama dari, nikawa naendesha kwa vioo vya pembeni. Trafiki mmoja pale Mpemba aliniuliza kwa nini. Nilipomwambia nyuma yupo mkwe wangu, aliondoa mkono dirishani na kutupisha.

Safari ya kwanza ilinionyesha kwamba shokapu zimekufa. Gari lilikuwa likipita shimo, linaendelea kupanda na kushuka mbele ya safari kama lina kwikwi. Fundi wangu alikandamiza kona ya nyuma kwa uzito wake wote, akaachia, gari likacheza peke yake. Chini, mafuta yalikuwa yamechuruzika na kushika vumbi. Nikampigia simu mume wangu.

"Funga ngumu," alisema. "Milima ya Ileje haitaki mchezo."

Fundi naye akasema ngumu. Muuza spea akaniuliza gari linabeba nini. Nikamjibu: mafuta ya kula, na mgonjwa mara moja kwa mwezi. Alichosikia ni mafuta ya kula.

"Dada, chukua hizi za gesi, za mzigo," alisema, akiniwekea kaunta boksi jipya. "Hizi hata ukitoka Chitete masika na gunia zako, gari halikai chini. Utakuja kunishukuru."

Ndivyo wanunuzi wengi walivyokuwa wakichagua shokapu pale mpakani. Unaisimamisha sakafuni, unaikandamiza kwa viganja. Inayogoma kushuka ndiyo nzima, ndiyo imara, ndiyo unayoondoka nayo. Wateja kutoka ng'ambo, wale wanaoanza na salamu za Kibemba ndipo waulize bei, nao walikandamiza hivyo hivyo. Nikaikandamiza, ikagoma, nikafurahi.

Kwenye usukani nililiona gari limepona. Halilali kwenye kona, haliyumbi, linapita mawe kwa kujiamini. Nikawa napaza sauti kuelekea kwenye kitenge.

"Mama, baba anaendeleaje?"

"Baba anashukuru."

Tukivuka daraja bovu, nauliza tena. Baba anashukuru. Tukiingia kwenye lami pale Mpemba, baba anashukuru. Nilijisifu, siwezi kuficha. Niliwaambia wenzangu sokoni kwamba nina gari linalotembea kama godoro, na mmoja akanitania kwamba sasa nitafungua hospitali.

Kwenye kliniki za miezi iliyofuata daktari alikuwa anaminya vidole vya mzee na kuandika. Mimi nasimama nje ya pazia, nasikia. Mara ya kwanza alisema, "Vizuri." Safari iliyofuata aliminya mara mbili. Halafu akatoka, akaniuliza mzee anasafiri kwa namna gani, kwa sababu mguu wa kushoto umeanza kuchelewa kujibu.

"Gari zuri, daktari. Shokapu mpya kabisa."

Nilimjibu kwa ukali kidogo, kama mtu aliyesingiziwa.

Siku hiyo hiyo, kwenye bomba la nyuma ya wodi, nilimkuta mama mkwe anafua. Alikuwa na kitambaa cha mzee cha kujifutia jasho, na alipokikung'uta niliona kimetoboka. Pembe moja ilikuwa imechanika nyuzi nyuzi. Nikauliza kama ni panya. Alikikunja haraka akakiweka chini ya kanga zake, na hapo nikajua si panya.

"Mama, niambie."

"Ni meno," alisema akifunga bomba. "Anaking'ata tukiwa njiani ili usimsikie."

"Na wewe unaniambia anashukuru?"

"Anashukuru kweli. Lakini anaumia, mwanangu. Amenikataza kukwambia. Anasema mkwe hawezi kuambiwa kwamba gari lake linamuumiza mtu. Amelitoa mwenyewe, kwa moyo wake, halafu umlaumu?"

Hasira zilinipanda nikakosa pa kuzitua. Nilimkasirikia yeye kwa utii wake, nikamkasirikia mzee kwa ustaarabu wake, nikayakasirikia mambo yote ya ukwe na vitenge vyake. Mtu anapoteza miguu kwa ajili ya adabu! Nilitembea kuzunguka wodi mpaka hasira zikashuka. Siku ya kurudi niliendesha polepole sana, mama mkwe akamwambia mzee kwamba nimechoka.

Niliposhuka Tunduma nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Nikampa funguo, nikapanda nyuma, nikalala chali kwenye ubao na lile godoro.

"Nipeleke barabara ya Isongole," nilimwambia. "Endesha ninavyoendesha mimi."

Alicheka. Aliposikia sicheki, akawasha gari. Kwenye lami hakukuwa na kitu. Tulipoacha lami nikajua. Gari likiwa tupu, shokapu zile za mzigo hazikuwa na cha kubeba, na zilikuwa zinakataa kushuka kama zilivyokataa viganja vyangu dukani. Kila jiwe lilitoka kwenye tairi likaja moja kwa moja chini ya kiuno changu. Kwenye yale mawimbi madogo ya vumbi meno yaligongana, nikajishika kwenye kishikio cha mlango. Mbele, fundi alikuwa ametulia, mkono mmoja dirishani, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa hakisikii hata nusu ya kinachotokea juu ya ekseli ya nyuma. Na mimi nilikuwa na mgongo mzima. Nilimgongea asimamishe, nikashuka, nikatapika kando ya barabara.

Dukani sikusubiri kuulizwa.

"Linabeba mzee aliyevunjika mgongo," nilisema. "Analala juu ya ekseli ya nyuma. Nipe shokapu ya mtu huyo."

Muuza spea alimtazama fundi, fundi akatazama kando. Waliteta kidogo. Kisha akaleta zile alizokuwa akiziita za kizee, za mafuta matupu, zisizo na gesi, zenye namba ileile ya gari langu lakini za kubebea watu tu. Nilizisimamisha sakafuni pamoja na zile ngumu. Ile ya gesi niliikandamiza, ikanirudishia mkono kwa nguvu. Ile ya mafuta ilishuka taratibu, ikakaa huko chini, ikanisubiri niivute mwenyewe. Nilirudia na kurudia, wateja wakiwa wamejaa nyuma yangu, mmoja akinung'unika kwa Kinamwanga kwamba mama huyu anakanda unga.

"Ukifunga hizi, madumu yako usahau," fundi alionya. "Likipakiwa mzigo, litagonga chini kila shimo. Na kwenye kona litalala."

"Madumu yatapanda gari la kukodi."

"Mumeo atasema nimekushauri vibaya."

"Mume wangu yuko Kongo. Funga."

Alizifunga nyuma na mbele, akabadilisha pia bushi zake za mpira, maana zile za zamani zilikuwa zimekuwa ngumu kama kwato. Tukapunguza upepo wa tairi. Nikalala tena kwenye ubao, tukarudi tena barabara ya Isongole. Mashimo yalikuwepo, lakini yalikuja yakiwa yamechoka. Niliweza kuhesabu mawingu dirishani. Nililia kidogo kwa furaha, fundi akajifanya haoni. Nilisema moyoni, sasa miguu itarudi.

Mwezi uliofuata nilipanda Ibaba mapema, gari likiwa tupu, bila hata kreti ya soda. Wanaume wa jirani walimbeba mzee na ubao wake, mimi nikiwa nimegeukia migomba kama inavyotakiwa. Kitenge kikafungwa. Tukaanza kushuka.

Niliendesha kama nimebeba mayai ya watu. Kwenye mteremko wa kwanza mbaya nilitega sikio. Safari zilizopita nilikuwa nikisikia pumzi ya mzee inakatika nyuma yangu nikidhani ni uzee; sasa nilijua ni maumivu. Safari hii gari lilizama na kuinuka bila kishindo. Lakini pumzi ilikatika. Tukafika sehemu laini, mchanga mtupu, bado ilikuwa inakatika.

"Mama, baba anaendeleaje?"

"Baba anashukuru."

Niliendelea kidogo. Tulipofika mahali pa tambarare, chini ya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, nikasogea pembeni, nikasimamisha gari, nikazima. Nikatazama mbele, kwenye kioo chenye vumbi, nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu niolewe.

"Baba," nikasema. "Naomba uniambie wewe mwenyewe. Shokapu nimebadilisha. Panauma?"

Mama mkwe alivuta pumzi kwa nguvu, ile ya mtu aliyeona sufuria inaanguka. Nilidhani nimeharibu kila kitu, na kwamba mzee angeomba ashushwe palepale, arudishwe kwake kwa machela. Kisha nikaisikia ile sauti ya nyuma ya ukuta, sasa ikiwa karibu sana, nyembamba kuliko nilivyoikumbuka.

"Gari limesimama, mwanangu?"

"Limesimama, baba."

"Umelizima?"

"Nimelizima."

Alikuwa anachagua maneno, na nilijua anayachagua ili yasinidhuru.

"Basi panauma hivihivi," alisema. "Hata sasa. Hata kitandani, siku zote hizi. Siyo gari."

Nililaza kichwa kwenye usukani, nikijua hakuna shokapu ya kuyaondoa maumivu hayo, nikalia kwa sauti, mbele ya mkwe, bila aibu yoyote. Nyuma ya kitenge, mzee alinisubiri nimalize.