Pua ya Kudra na Radhi za Mama

Adija binti Gharibu, mjane wa Kibondo, alikuwa mtu wa dagaa na chumvi. Alfajiri yuko sokoni, jioni yuko nyumbani, mikono inanuka dagaa mpaka siku ya Idi. Hakuwa na makuu. Ndiyo maana mwaka ule wa sabini na tano, mdogo wake Kudra aliposhuka kwenye basi na plasta katikati ya uso, macho yamevimba kama aliyeumwa na nyuki, Adija alidhani ni ajali.

Ajali! Thubutu! Kudra, mke wa Isihaka mwenye duka la vitambaa Kasulu, alikwenda Nairobi kwa hiari yake kupasuliwa pua. Ile pua pana ya ukoo wao, ambayo bibi na mama waliolewa nayo na kuzaa nayo, yeye ilimkera. Sasa alitaka kujificha kwa dada yake mpaka uvimbe uishe, ili wanawake wa Kasulu waione pua ikiwa imeshachongoka.

Basi akauguzwa. Kitanda akakitwaa yeye, mwenye nyumba akalala mkekani. Mito minne, kichwa kiwe juu. Asiiname, asipenge kamasi, asicheke. Moshi wa kuni haumfai, kwa hiyo Adija akapikia uani, mvua inyeshe isinyeshe. Supu ya kuku iwe vuguvugu. Na dagaa wahamishwe, wananuka.

"Unanusaje nawe umezibwa pamba?" Adija aliuliza.

"Najua tu wananuka, dada."

Adija akasonya. Alimuuguza marehemu mumewe miezi saba, wala hakusikia habari za supu vuguvugu.

Siku ya tisa utingo wa basi la Kasulu akaleta ujumbe: mama yao yu taabani, anawataka binti zake wote wawili, hasa Kudra, kitinda mimba wake, awape radhi kabla hajafumba macho. Adija akaanza kufunga kanga zake palepale.

"Inuka, Kudra."

"Plasta inatoka Ijumaa. Nitakwenda Jumamosi."

"Mama atakungoja mpaka Jumamosi?"

"Daktari kakataza kulia, dada. Nikilia pua itaharibika." Alisema hivyo bila haya, huku akijiweka sawa kwenye mito. "Wewe tangulia. Mwambie naumwa."

Adija alimtazama mtu yule, damu yake kabisa, akaona kinyaa. "Wewe si mtu," akasema, akatoka.

Kasulu alimkuta mama yake hajiwezi, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, sauti haitoki sawasawa. Adija akapiga magoti kando ya kitanda. Mkono wa mama ukapanda usoni mwake, ukaishika pua, ukaipapasa.

"Kudra wangu. Pua yangu hii. Umekuja."

Adija alifungua mdomo aseme, hapana mama, ni mimi. Akaona jinsi uso wa yule bibi ulivyotulia, akaghairi.

"Nimekuja, mama."

"Radhi zangu zote nakupa, mwanangu, duniani na akhera." Kisha akakunja uso. "Na Adija? Hakuja? Yeye dagaa tu, dagaa tu."

"Yuko njiani, mama."

"Mie sina nguvu za kumngoja."

Kabla ya adhuhuri alikata roho.

Matanga yalipokwisha Adija akarudi Kibondo. Kudra, aliyekwisha kupata habari za msiba, alikuwa amekaa kitandani na kioo mkononi. Plasta imetoka, pua nyembamba inang'aa. Macho makavu.

"Mama alinitaja?"

"Alikupa radhi. Zote."

"Alhamdulillahi! Nilijua tu, mama hawezi kuninyima." Akaigusa pua kwa ncha ya kidole, taratibu. "Na wewe je, dada?"

"Mimi sikufika," Adija akasema, akaenda uani kuanika dagaa.